Wiki Tano Lusaka: Maneno Niliyowaambia Wenzangu wa Likelemba

Jambo yenu wote. Mama Prezida, wamama wenzangu wa likelemba, upatu wetu huu, na ninyi wababa wachache mliokuja kwa sababu mmesikia kuna kuku: karibuni, kaeni.

Mama Prezida ndiye aliyenisimamisha hapa. Aliniambia, "Tangu urudi, kila siku sokoni ni Lusaka, Lusaka. Siku ya mkutano simama useme yote mara moja, tupumzike." Basi nimeandika kidogo. Nimeandika kwenye daftari la madeni kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, kwa hiyo nikitaja jina la mtu na deni lake, anisamehe, nitakuwa nimefungua ukurasa usio wenyewe.

Swali lenu nalijua. "Kule ni kuzuri ao vipi?" Nikijibu ni kuzuri, mnasema nimeshaanza kuidharau Lubum, Lubumbashi yetu. Nikijibu ni kubaya, mnaniuliza mbona nimerudi nimenenepa. Ukweli ni kwamba Lusaka iliniuma, na iliniuma kwa sababu haikuwa ugenini vya kutosha. Mtu akienda Ulaya anajua amekwenda kwa watu. Mimi nilikwenda mahali ambapo maneno ya bibi yangu yanauza nyanya kando ya barabara, halafu nikaombwa pasipoti.

Nilikwenda Oktoba 2024. Mtoto wa mdogo wangu, yule aliyeolewa kule, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na mama yake miguu imemwisha. Nani aende? Mama mkubwa. Nikafunga duka, nikachukua pasipoti na kadi ya njano ya chanjo, maana bila hiyo kadi hawakuvushi, nikapanda basi alfajiri.

Kasumbalesa, pale mpakani, mnaijua, sitawachosha. Kutoka hapa hata kilomita mia hazifiki, lakini foleni ya malori ndiyo safari yenyewe. Yale yanayoshuka kusini yamebeba shaba yetu, vibamba vimefungwa na mikanda ya chuma, vinakwenda Durban, vinakwenda Dar es Salaam. Yanayopanda yamebeba unga, mafuta ya gari, tindikali ya migodi. Niliona dereva mmoja ameweka mbabula, jiko la makaa, kati ya tairi mbili, anasonga bukari, ugali wetu, kwa mwiko uliokatika, kichwa amefunika na taulo kwa ajili ya jua. Nilimuuliza ana siku ngapi pale. Akainua vidole vinne, hakuacha kusonga. Alikuwa Mzambia. Nikamuuliza na askari wetu wanamtendea vipi. Akacheka, akasema kwa Kiswahili chetu kabisa: "Mama, maharagwe ya watoto," yaani hongo. Na mimi nikacheka, lakini nilitazama pembeni. Mkumbuke huyo dereva, kwa sababu baadaye nitalalamika juu ya nchi yake.

Ukivuka pale, gari zinahama upande. Sisi tunapita kulia, wao kushoto. Siku mbili za kwanza Lusaka nilikuwa hatari kwa nafsi yangu. Nilifungua mlango wa taksi ili nikae mbele, nikamkuta dereva ameshika usukani. Akaniuliza kwa upole, "Mama, unataka kuendesha wewe?" Na mara mbili mkwe wetu alinivuta kwa kitenge barabarani, kwa sababu nilitazama kushoto vizuri sana, kama tulivyofundishwa, na gari lilikuwa linatoka kulia.

Sasa lugha. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mlamba, na ninyi mnajua huu mji umejengwa juu ya ardhi ya Walamba. Wadogo zetu wamesahau. Alituambia kwamba zamani walikwenda kuchimba mizizi ya kikanda porini, wakalala huko kwa ndugu, wakarudi, hawakujua kwamba wamekwenda Uingereza na wamerudi Ubelgiji. Mpaka upande wetu huu ulichorwa kufuata maji. Mvua ikianguka huku, inaingia kwenye mito ya Kongo, inakwenda mpaka Atlantiki. Ikianguka hatua chache kule, inaingia Kafue, kisha Zambezi, inakwenda Bahari ya Hindi. Wazungu walikubaliana wao kwa wao mwaka 1894, wakagawa watu kama wanavyogawanyika matone ya mvua. Bibi alikuwa na wajomba upande ule. Alikufa bila kuwaona tena watoto wao, kwa sababu ya karatasi.

Kwa hiyo basi lilipoingia Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mimi nilikuwa nasikiliza dirishani. Kila kituo ni "Mulishani mayo?", habari mama, kwa Chibemba, ndugu wa lugha ya bibi. Nilikuwa najibu. Yule aliyekaa karibu nami alidhani ninatoka Ndola. Nilijiona mkubwa. Nikajisemea: hata Lusaka nitaingia hivihivi, kama mtoto wa nyumba.

Tulipita Kabwe giza limeshaingia. Tuliposhuka Lusaka, kijana wa mizigo akanisalimia, "Muli bwanji?" Hicho ni Chinyanja. Wananielewa Chibemba, ndiyo, wengi wanakisema, lakini kinachotembea barabarani ni Chinyanja cha mjini, kimechanganywa na Kiingereza haraka haraka. Nilikuja na lugha ya bibi yangu kama mtu aliyekuja na noti ya zamani. Wanaitambua, wanaitabasamia, wanakurudishia.

Nikiwa kwenye noti, niseme ya pesa. Sisi franki ni ya nyanya na taksi. Kodi ya nyumba, shule, mfuko wa unga, ni dola, na dola yenyewe ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, hakuna anayeitaka. Mimi nilikwenda na dola zangu nimezipiga pasi. Lusaka kila kitu ni kwacha. Kitanda cha hospitali, kwacha. Maji, kwacha. Mwaka 2013 walikata sifuri tatu, maisha yakaendelea. Sisi mwaka 1993 tulikata zaire milioni tatu zikawa moja, na miaka mitano baadaye tukatupa hata jina. Niliona wivu, nasema kweli. Nilisimama dukani nikiwa na noti ya kwacha mkononi nikitazama ule mchoro wa tai samaki, mpaka msichana wa kaunta akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Huyo msichana ninampenda mpaka leo. Kabla ya kunipa chenji, aligonganisha viganja polepole na kukunja magoti kidogo, kama bibi yangu alivyotufundisha kumpokea mkubwa. Katikati ya duka la kisasa lenye kiyoyozi! Huku kwetu watoto wetu wanakurushia chenji juu ya meza. Najua, wangu pia.

Mji wenyewe. Barabara kubwa wanaiita Cairo Road. Jina hilo linatokana na ndoto ya Rhodes, mzungu aliyetaka barabara na reli kutoka Cape Town mpaka Cairo. Nilipoambiwa nikasema, ngoja, hiyo ndoto tunaijua! Ndiyo iliyotuletea reli hapa mwaka 1910, kutoka kusini, wakati mtu wa hapa alikuwa anafika Cape Town kwa urahisi kuliko Kinshasa. Kwa hiyo ile barabara yao na reli yetu ni kamba moja. Na nilimwambia mkwe wetu, bila kuuma maneno, kwamba Lusaka ilifanywa mji mkuu mwaka 1935, ikitoka Livingstone, na mwaka huo Elisabethville, ndiyo Lubum yetu kwa jina la zamani, ilikuwa na miaka 25 tayari, na kiwanda cha shaba, na bomba la moshi. Mkwe akasema, "Mama mkubwa, sasa hilo bomba bado linatoa moshi?" Nikanywa maji.

Oktoba kule joto ni kali. Lakini mijakaranda! Barabara nzima zambarau, chini zambarau, juu zambarau. Nilisimama chini ya mmoja nikasahau niko wapi, kwa sababu mwezi huohuo na kwetu mijakaranda inachanua, ua lilelile, linaanguka kwenye bega lile lile. Nilipokumbuka, nilitaka kulia. Sikulia. Nilikuwa na kuku kwenye mfuko.

Nilikuta hawana umeme. Mwaka huo mvua zilikatika, Ziwa Kariba likashuka, na wao umeme wao mwingi unatoka kwenye maji. Mtoto wetu aliona aibu. Ananiomba msamaha, "Mama mkubwa, umekuja wakati mbaya, umeme unawaka saa chache tu." Mimi nikacheka mpaka akakasirika. Nikamwambia, mwanangu, mimi natoka mtaa ambao transfoma ilipoungua tulichanga sisi wenyewe kununua mafuta yake. Nyumbani umeme ukiwaka watoto wanapiga kelele mtaa mzima kama Mazembe, timu yetu ya mpira, imefunga. Kilichonishangaza ni kingine: wao giza lao lina ratiba. Limeandikwa, mtaa huu saa hizi mpaka saa hizi. Na ratiba ikikosewa, wanakasirika! Niliwasikia majirani wanagomba kwa sababu umeme ulichelewa. Sisi tunagombana na nani? Hilo lilinikaa moyoni kuliko majengo yote. Mtu anayekasirika ni mtu ambaye aliahidiwa kitu.

Na sasa unga, maana ninyi wauza unga mnanitazama tangu nianze.

Mwaka huo ukame uliwapiga vibaya, Rais wao alitangaza janga la taifa mwezi wa pili. Mnakumbuka huku bei ilivyopanda. Mnakumbuka pia mwezi wa nane mpaka ulipofungwa siku chache, baada ya serikali yetu kuzuia bia na soda zao, na sisi tulivyokimbilia mifuko iliyobaki kama siku ya mwisho. Nilikwenda na mtoto wetu kununua unga dukani, ule mweupe wanaouita brekifasti, mfuko wa kilo 25, mfuko uleule ninaouuza mimi hapa, alama ileile. Nilisoma bei, nikaisoma tena. Sitawaambia, maana wateja wangu wengine wako humu. Nikiwa bado napiga hesabu kichwani, mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, kwa Chibemba, bila kujua kwamba nasikia: Wakongomani ndio wanaomaliza unga wetu, unavuka usiku.

Nilikuwa na maneno. Mnanijua. Nilitaka kumuuliza, na shaba inayopita mbele ya nyumba yako kila siku, hiyo inavuka usiku ao mchana? Lakini mimi ndiye ninayeuza ule unga uliovuka usiku. Nilishika mfuko wangu mmoja nikalipa. Yule mama alikuwa na mtoto mgongoni, na alinunua unga wa kupima kwenye mfuko mdogo wa plastiki, wa siku moja. Niliona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo, kila mfuko unaoingia dukani kwangu naukumbuka ule mdogo wake.

Ya hospitali nitasema kwa kifupi, na mahali penyewe sipataji. Mtoto wetu alipelekwa usiku. Yeye ana karatasi zote za ndoa, ila lafudhi yake ni ya Katuba, ya mitaa yetu hapa. Wa mapokezi alikuwa anaongea vizuri kabisa, mpaka aliposikia "Kongo". Sauti ikabadilika. Tukaulizwa kama tuna uwezo wa kulipa kama wageni. Mume wake alikuwa bado njiani. Nilihesabu pesa pale juu ya meza, noti moja moja, mtu akinitazama mikono kama mwizi. Mkunga aliyekuja baadaye alikuwa malaika, alimshika mtoto wetu mkono saa tano mfululizo, akawa ananiita "mayo". Nilipotoka nje alfajiri kunawa uso, nilimkumbuka yule dereva wa Kasumbalesa na mwiko wake. Hasira ikaja nusu, nusu nyingine ikakosa njia.

Mjukuu ni msichana. Asante, asante. Kilo tatu na nusu.

Wanakaa Chilenje. Ni mtaa wa watu wa kawaida, na ndani yake kuna nyumba nambari 394, ambayo Kaunda alikaa tangu 1960 mpaka 1962, wakati wa kupigania uhuru. Sasa ni ya makumbusho. Nilikwenda kwa miguu, mtoto amelala. Mama Prezida, ile nyumba ni ndogo! Yangu ina vyumba vingi zaidi. Nilitazama lile gari la zamani lililowekwa pale, nikafikiri, kutoka hapa mtu akaongoza nchi miaka 27, akashindwa uchaguzi mwaka 1991, akaondoka. Alikufa mwaka 2021, na miaka 97 yake, kitandani. Kanuni zetu zinakataza siasa, na mimi nilikuwa kwenye kamati iliyoziandika, basi naishia hapo.

Lakini wiki hiyohiyo kuna kitu kilinisimamisha. Tulikuwa kwenye basi dogo, msongamano, malori kila upande, moshi, nikamuuliza kondakta hapa ni wapi. Akasema, "Lumumba Road." Alisema kama unavyosema Kamalondo, mtaa wetu hapa, bila uzito wowote. Mimi nikanyamaza. Mnajua tulipo. Mnajua Januari 1961 Lumumba alivyouawa, porini, si mbali na hapa tulipokaa. Baba yangu alikuwa kijana, alikuwa anafanya kazi kwenye reli, na mpaka anakufa alikuwa akipunguza sauti ya redio jina lile likitajwa. Na kule ni kituo cha basi. Watu wanapiga kelele, "Lumumba, Lumumba, wawili bado!" Sijui kama nilifurahi. Nilishuka kituo kimoja mbele ya kwangu ili nitembee.

Nililotaka kusema na mnalosubiri wababa: mpira. Ukisema unatoka Kongo, uso unafungwa. Ukisema Lubumbashi, unafunguka. "Ah! Mazembe! Kalaba!" Dereva wa taksi mmoja alinisimulia fainali yao ya Kombe la Afrika ya 2012 dhidi ya Côte d'Ivoire kutoka Cairo Road mpaka Chilenje, penalti moja moja, mikono yote miwili juu, usukani peke yake. Ilikuwa Libreville, palepale ambapo mwaka 1993 ndege ya timu yao ilianguka baharini na wachezaji wao kumi na wanane. Kalaba wa Mazembe akakosa. Sunzu, naye wa Mazembe, akafunga ya mwisho, nane kwa saba. Nikamwambia, aliyekosa na aliyefunga, wote wawili walikuwa wanakula bukari yetu Kamalondo. Alikataa kuchukua nauli. Nilimwachia kwenye kiti.

Na kisichonipendeza? Kipo. Lusaka imetandazwa kama kitenge kilichoanikwa, haina kilima, haina ziwa, kila kitu kiko mbali na kila kitu. Matajiri wako nyuma ya kuta na waya. Zile mol zao, Manda Hill, East Park, unatembea ndani saa nzima na hakuna anayekuita "mama kuja uone." Bei imebandikwa, unalipa, unatoka, hujaongea na mtu. Mpaka nilipofika Soweto, soko lao kubwa, ndipo mama mmoja wa samaki aliponidanganya bei mara tatu na mimi nikaondoka mara mbili nikirudi, na tukamaliza tukicheka. Hapo nilipona. Bukari yao pia ni laini mno, unaikata inakimbia. Na saa mbili usiku mtaa umeshalala. Mimi kitandani nasubiri sauti ya muziki wa baa, hakuna, mbwa tu.

Tarehe 24 walisherehekea miaka 60 ya uhuru. Tulikaa mlangoni na mtoto, redio inacheza, mkwe wetu amevaa shati la rangi za bendera. Akaniuliza kama Kongo tunasherehekea hivi. Nikamwambia mwaka 1960 sisi hapa Katanga tulikuwa na uhuru mara mbili ndani ya wiki mbili, tarehe 30 ya mwezi wa sita wa Kongo yote, na tarehe 11 ya mwezi wa saba Katanga ilipojitenga, na wa pili ulitugharimu zaidi. Hakuelewa. Nilimpa mtoto ambebe.

Wamenipigia juzi. Mtoto atabatizwa Pasaka, na amepewa jina la bibi yangu. Yule bibi aliyekosa karatasi, jina lake sasa limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha Zambia, na muhuri juu. Wanataka niende. Majirani wa Chilenje pia wameagiza vitenge vya Kongo, vipande kumi na viwili, wanasema vya kwao vinachuja.

Kwa hiyo Mama Prezida, ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Zamu yangu ya likelemba ni mwezi wa sita. Ninaomba mbele ya wote nibadilishane na yeyote mwenye zamu ya mwezi wa tatu. Na nauli ni dola, basi atakayenipa, tafadhali, asinipe zilizokunjwa.